Mizani Isiyofunguliwa: Programu Huria, Programu Miliki na Haki ya Kukagua



Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, kila mwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, alitakiwa kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ukinunua umeme ulipewa tokeni tatu badala ya moja: mbili za kuiandaa mita, ya tatu ndiyo yenye uniti. Wapo waliodhani ni wizi mpya wa mtandaoni, na wapo waliosema Serikali inatupachikia kachero ukutani. Kumbe ni hesabu tu. Mita zetu hufuata kiwango kilichoanzia Afrika Kusini, kiitwacho kwa kifupi STS, na kila tokeni hubeba ndani yake wakati ilipotengenezwa, kwa dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216 na si zaidi. Siku ya kwisha kwake ilikuwa ile ya Novemba, kwetu Tanzania, kwa jirani zetu wa Kenya, na kila penye mita za aina hiyo. Baada ya hapo hesabu ingeanza upya, na mita isingejua tokeni ipi ni mpya na ipi imekwisha kutumika.

Nimeanza na LUKU kwa sababu watu wengi wakisikia neno programu hufikiria kompyuta ya ofisini, wakati programu iko kwenye ukuta wa sebule, kwenye pampu ya mafuta, kwenye mashine ya risiti, EFD, ya muuza duka. Na nimeanza nayo kwa sababu ya jinsi ilivyojengwa. Kiwango cha STS kimechapishwa; anayekitaka hukipata akakisoma. Ndiyo maana mita ya kiwanda kimoja hukubali tokeni iliyotolewa na mfumo wa mauzo wa kampuni nyingine. Ndiyo maana pia mhandisi yeyote aliyekisoma aliweza kuipiga hesabu ya ile tarehe miaka mingi kabla, bila kuambiwa na mtu. Hata hivyo kukisoma hakumpi mtu umeme wa bure, kwa kuwa kilichofichwa ni funguo za siri peke yake.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika kuhusu barua za siri za kijeshi akasema mfumo mzuri unapaswa kubaki salama hata ukitekwa na adui, mradi ufunguo haujatekwa. Fundi anayekwambia mfumo wake ni salama kwa sababu hakuna anayejua unavyofanya kazi, hajakwambia lolote kuhusu usalama.

Hoja yangu jioni hii ni hii. Tunapojadili programu tunagombania bei, au nchi zilikotoka, na tunaliacha swali lenye uzito: nani anaruhusiwa kuikagua, na nani anaruhusiwa kuitengeneza ikiharibika? Programu inayompima mtu, inayoamua deni lake, tiba yake au kura yake, haifai kuwa siri ya aliyeiuza. Zilizobaki, kila mtu achague apendavyo. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza pia kwa nini kufungua peke yake hakutoshi.

Msimbo ulivyofungwa

Kwa wasio wa fani hii: programu huandikwa kama maandishi ambayo mtu aliyesomea anaweza kuyasoma. Hayo ndiyo msimbo. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, ambazo binadamu hawezi kuzisoma kwa namna ya maana. Anayekuuzia programu miliki hukupa tarakimu akabaki na maandishi. Programu huria huja na maandishi yake, pamoja na leseni inayokuruhusu kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa.

Zamani mashine ndiyo iliyouzwa, programu ikafuata nayo. Mwaka 1969 IBM ilitangaza kuanza kuuza programu zake mbali na mashine, na biashara ikabadilika. Februari 1976 kijana wa miaka 20, Bill Gates, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta ndogo, akilalamika kwamba wananakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Nami ninayekula kwa kazi hii siwezi kumcheka. Mwandishi wa programu ana tumbo na ana kodi ya nyumba.

Miaka michache baadaye, katika maabara ya chuo cha MIT, Richard Stallman alikasirishwa na printa. Ile ya zamani alikuwa ameirekebishia programu ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama. Ilipokuja mpya kutoka Xerox, msimbo haukuja nayo, na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao akakataa kumpa kwa kuwa alikwisha kutia saini ahadi ya kuutunza kama siri. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL yenye sharti moja kali: utumie utakavyo, lakini ukiigawa kazi hii, hata kama umeiboresha, mpe anayeipokea na msimbo wake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, akakiweka chini ya leseni hiyo mwaka uliofuata.

Matokeo yake mnayo mifukoni. Kila simu ya Android ina kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta 500 zenye kasi kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, zote bila kubaki hata moja. Mwaka huohuo wa 2017 taasisi ya hisani ya Bill Gates ilitoa Mojaloop, programu huria ya kuunganisha mitandao ya malipo, hasa kwa nchi kama zetu. Mwandishi wa ile barua ya 1976, kupitia taasisi yake, amegawa msimbo. Basi tusiwagawe watu katika kambi mbili za milele. Watu werevu huchagua kufunga au kufungua kulingana na kazi iliyo mbele yao.

Hukumu iliyotolewa na mashine

Sasa niwapeleke Uingereza, kwenye kisa ambacho ningependa kila mwanasheria wetu akisome. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilisambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo leo ni sehemu ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wenye maduka mitaani na vijijini. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha. Mkataba ulimtaka wakala alipe upungufu. Wapo waliolipa wakafilisika, na wengi walioshindwa walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani, wengi wao wakiwa wameshtakiwa na posta yenyewe. Zaidi ya 200 walikwenda jela, na wapo waliojiua.

Fedha haikuwa imeibwa. Horizon ilikuwa na hitilafu. Fujitsu ilikuwa na kumbukumbu ya hitilafu zinazojulikana, ambayo washtakiwa kwa miaka mingi hawakuonyeshwa. Watumishi wake waliweza kuingia kutoka mbali na kubadilisha hesabu za tawi bila wakala kujua. Posta ikakanusha kwamba jambo hilo linawezekana. Na sheria nayo ikawaelemea: kuanzia mwaka 2000 mahakama za Uingereza zilichukulia kuwa kompyuta imefanya kazi sawasawa, mpaka mwenye kupinga alete sababu ya kuishuku. Mama muuza stempu atapata wapi sababu hiyo, naye hana msimbo, hana kumbukumbu za hitilafu, wala hana mtaalamu?

Wakala mmoja, Alan Bates, hakunyamaza. Aliwakusanya wenzake, na Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ya miaka ya mwanzo haikuwa imara hata kidogo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta hukumu za mawakala hao kwa mkupuo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha posta kinaongeza fundisho: daftari usiloruhusiwa kulikagua laweza kukupoteza wewe mwenyewe.

Tazameni tunavyofanya sokoni. Mwenye duka la nyama hana ruhusa ya kumwambia mkaguzi wa Wakala wa Vipimo kwamba utumbo wa mizani yake ni siri ya biashara. Mizani hupimwa, hugongwa muhuri, na anayeishuku ana pa kwenda. Tumekubaliana hivyo kwa kilo ya nyama ya ng'ombe. Lakini programu inayokata kodi, inayopanga alama za mtihani au kuamua nani anastahili mkopo wa simu, tunaipokea ikiwa imefungwa na kuambiwa tuamini.

Kenya walilifikia swali hili kwa njia ya kura. Katika kesi ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iwape walalamikaji nafasi ya kuona seva zake. Tume haikutekeleza kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi, na mojawapo ya sababu walizotoa ni huko kutofungua. Ziwekeni nchi hizo mbili pamoja. Kwa miaka mingi Uingereza mashine ilipewa imani na mnyonge akabeba mzigo wa kuipinga. Nairobi, aliyekataa kufungua ndiye aliyebeba shaka. Mimi, kama mtu anayeandika hizo programu na anayejua hitilafu zinavyojificha, nasimama na majaji wa Nairobi.

Yaliyofanyika kwetu

Isidhaniwe kwamba uhuria ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi tukiwa watazamaji. Eldoret, magharibi mwa Kenya, ni moja ya mahali pa heshima katika historia hii. Mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulikuwa na wagonjwa wa VVU wengi kuliko mafaili ya karatasi yanavyoweza kubeba. Kutokana na mfumo mdogo uliokuwa ukitumika katika kituo cha afya cha Mosoriot ilizaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na Rwanda mwaka huohuo.

Takwimu za afya nazo zina DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, yenye mizizi Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Kenya iliisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, Tanzania inaitumia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa wajenzi wake kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa 2020, UVIKO-19 ilipoanza kuvuka mipaka, Sri Lanka ilitengeneza kwa DHIS2 sehemu ya kufuatilia wasafiri, na nchi nyingine zikaichukua na kuitumia. Hakuna aliyeandika barua ya kuomba kibali, wala aliyesubiri bajeti ya leseni.

Mwaka 2004, hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa kompyuta na wa lugha walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama sisi ni soko. Leo ukipita maofisini huioni. Kwa nini? Jibu ni tatizo lilelile linalozisumbua programu huria dunia nzima, na hapo ndipo nataka kuwakera kidogo wenzangu wa upande huu.

Macho yasiyotazama

Sisi wapenzi wa uhuria tuna imani kwamba msimbo ukiwa wazi, macho ni mengi, na hitilafu haitajificha. Penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi wanaweza kuwapo na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayetazama.

Aprili 2014 iligundulika hitilafu iliyopewa jina Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, zikiwamo tovuti za benki. Ilikuwa imekaa humo takriban miaka miwili, wazi kwa yeyote mwenye kutaka kusoma. Ilipochunguzwa hali ya wanaoitunza, ilionekana walikuwa wachache mno, mmoja tu ndiye wa muda wote, na michango ya hiari ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni tajiri yalikuwa yamejenga biashara zao juu ya kazi ya watu hao bila kuwauliza wanakula nini.

Mwaka 2024 nusura yatokee makubwa zaidi. Programu ndogo ya kubana mafaili, xz, ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Alikuwa amechoka. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia hadi akakabidhiwa madaraka. Kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta nyingi za Linux duniani. Kilichotuokoa ni mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Hakukubali kuupuuza uchelewaji huo. Alifuatilia, akafungua msimbo, akakuta ubaya, akatangaza mwishoni mwa Machi.

Mtaona kisa hiki kinatoa ushahidi kwa pande zote mbili. Mlango wa siri uliingia kwa sababu mradi huria ulimwachia mzigo mtu mmoja asiyelipwa. Ukagunduliwa kwa sababu mtu wa nje kabisa ya mradi huo aliruhusiwa kufungua na kutazama. Kama programu hiyo ingekuwa miliki, Freund angeishia kulalamika kwa huduma kwa wateja.

Kwa hiyo uwazi hutupa nafasi ya kukagua, na nafasi hiyo isipopewa watu, muda na fedha, hukaa bure. Jambo OpenOffice haikuangushwa na programu miliki. Kazi ya kuitunza mwaka baada ya mwaka haikuwa na fungu katika bajeti ya mtu.

Simu, fundi na Windows ya mtaani

Nije kwenye maisha ya kila siku, maana najua wengi mmekuja kuuliza: mimi nitumie nini?

Hoja ya bei, ambayo watetezi wa programu huria huipenda, kwetu haina nguvu. Nenda kwa fundi yeyote mjini na kompyuta ya mtumba: kwa fedha ndogo atakuwekea Windows, Office na Photoshop, zote za wizi. Kwa mtumiaji, programu miliki na programu huria zinalingana bei. Kwa hiyo haoni sababu ya kujifunza kitu kipya, na kampuni yenye mali nayo haipungukiwi sana, kwani kijana aliyezoea programu yake ya wizi akiwa chuoni ndiye atakayemshauri mwajiri wake anunue leseni halali. Anayelipa gharama halisi ni mwenye kompyuta. Nakala iliyovunjwa kufuli imepita mikononi mwa mtu asiyemjua, na mara nyingi haisasishwi.

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa shule au ofisi yenye mashine kama hizo, Linux pamoja na LibreOffice ni jibu la busara: mashine inafanya kazi miaka mingine, masasisho yanaendelea, na hakuna kitu cha wizi ndani. Mchora ramani za majengo ambaye wateja wake wote wanatuma mafaili ya AutoCAD, sitamdanganya. Anunue leseni, afanye kazi yake.

Simu ni fumbo zaidi. Kiini cha Android ni huria, lakini duka la Google na huduma zinazoambatana nalo ni miliki, na mtengenezaji wa simu ndiye anayeamua lini masasisho yakome. Kioo kizima, betri nzima, na simu imekwisha kuwa hatari kwa sababu hakuna anayeiziba matundu. Uhuria wa kiini haukusaidii ikiwa mlango wa kukibadilisha umepigwa kufuli.

Na M-Pesa? Naitumia kama ninyi, nayo ni miliki. Mpaka mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Sidai msimbo wake wote uwekwe hadharani kesho. Kwa mteja wa Tanzania, kilicholeta nafuu kubwa ni makubaliano ya kuanzia mwaka 2014 yaliyowezesha kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Mara nyingi njia wazi kati ya mifumo huleta faida kabla msimbo wenyewe haujafunguliwa, kama tulivyoona kwa LUKU.

Ninachopendekeza

Nina mapendekezo manne, na nimeyapanga kuanzia lililo jepesi.

Kwanza, mafundi. Mteja akileta kompyuta ya zamani, mwonyesheni Linux na LibreOffice kabla ya kumwekea nakala ya wizi. Achague mwenyewe, akijua anachochagua.

Pili, vyuo. Mwanafunzi wa programu apewe alama kwa kurekebisha hitilafu katika mradi huria unaotumika kweli, kama OpenMRS au DHIS2. Atajifunza kusoma msimbo wa wengine, kazi ambayo ndiyo itakayomlisha akiajiriwa, na miradi hiyo itapata macho yanayotazama.

Tatu, taasisi zinazonunua mifumo kwa fedha za umma. Mkataba useme mambo matatu bila kuzungukazunguka: data ni ya mwananchi na itatoka katika muundo uliochapishwa, msimbo utakaguliwa na mtaalamu asiyelipwa na muuzaji, na muuzaji akifilisika au akiondoka, msimbo unabaki kwa mnunuzi. Tena bajeti iwe na fungu la matunzo kila mwaka, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyo ndugu yetu wa mbali anayetunza xz anafanya kazi ya kujitolea.

Nne, Bunge na mahakama. Mtu akishtakiwa, akitozwa au akinyimwa haki kwa neno la kompyuta, awe na haki ya kuona kumbukumbu za hitilafu za mfumo huo na kumleta mtaalamu wake aukague. Muuzaji akikataa, ushahidi wa mashine yake usipewe uzito. Pendekezo hili halihitaji nchi nzima ihamie Linux. Linahitaji tu tuikague programu kwa ukali uleule tunaotumia kukagua pampu ya mafuta.

Nimedai kwamba anayempima mwenzake akubali kufunguliwa na kutazamwa ndani. Hoja zangu nazo ziko mezani. Zikagueni, na penye hitilafu semeni.